Shika Mkia wa Ndoto Kabla Hujainua Kichwa

Barua nyingi za mwezi huu zilihusu usingizi, na zilizozungumzia ndoto zilizidi nyingine zote. Tumechagua nane. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu wengi waliuliza jambo hilo hilo kwa maneno tofauti.

Ndugu Mhariri, naamka na ndoto nzima kichwani. Ina watu, ina mazungumzo, mpaka rangi za kanga naziona. Nikifika bafuni kupiga mswaki, imeyeyuka. Mume wangu ndiyo kabisa, anasema yeye haoti. Je, kuna namna ya kuizuia isikimbie? Msomaji, Tanga

Dada yetu wa Tanga, mumeo karibu bila shaka anaota. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza kipindi cha usingizi ambacho macho huchezacheza upesi chini ya kope. Kipindi hicho sasa huitwa usingizi wa REM. Mwaka 1957 Kleitman na William Dement waliwaamsha watu katikati yake, na karibu mara 8 kati ya 10 aliyeamshwa alikuwa na ndoto ya kusimulia. Hata wengi wanaojiita wasioota, wakiamshwa wakati huo, husimulia. Kinachowapotea ni kumbukumbu.

Sababu iko hivi. Katika usingizi huo, noradrenalini, kemikali inayousaidia ubongo kushika jambo lidumu, karibu inakatika. Kwa hiyo unapoamka, ndoto imekaa mahali pepesi sana, pale pale unaposhikilia namba ya simu unayotajiwa mpaka uiandike. Likiingia jingine, namba imekwenda. Mlio wa kengele, mtoto akiuliza sare iko wapi, wazo la nauli ya leo: lolote kati ya hayo linatosha. Watafiti wa Lyon, Ufaransa, waliwalinganisha wanaokumbuka ndoto mara kwa mara na wasiozikumbuka, wakaona kwamba kundi la kwanza hukaa macho katikati ya usiku jumla ya dakika 30 hivi, na la pili karibu 15. Anayelala fofofo kama pono mpaka asubuhi hapati nafasi ya kuinasa ndoto. Huenda mumeo ni wa aina hiyo, na hilo si ugonjwa.

Sasa kazi yenyewe. Inaanza usiku, unapolala: jiambie kwa maneno, hata kwa kunong'ona, kwamba ukiamka jambo la kwanza utakalofanya ni kutazama ulichoota. Inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayokufanya ukumbuke kukumbuka.

Ukishtuka, usifungue macho. Usigeuke, usijinyooshe, usimjibu mtu. Baki ulivyo, kama ulikuwa ubavuni basi ubavuni. Kosa kubwa hapa ni kutafuta mwanzo wa ndoto. Mwanzo ndio uliokwisha kufifia. Ulicho nacho ni mkia. Shika mkia. Picha ya mwisho ilikuwa ipi? Nilikuwa wapi? Na nani? Nilihisi nini: hofu, haya, furaha? Ukiipata picha moja, iulize kilichokuwa kabla yake, kisha kabla ya hicho, urudi nyuma kidogo kidogo. Dakika moja au mbili zinatosha. Ukikwama, jigeuze taratibu ulale kwa ubavu mwingine unaoupenda, usubiri. Wengi huona kipande kingine kinarudi wanapokaa mkao waliokuwa nao wakiota.

Halafu, kabla hujaanza kuandika hadithi, andika maneno matano tu: *mashua, shangazi, ngazi, mvua, kiatu kimoja*. Hayo ni misumari ya kutundikia. Ukianza na sentensi nzuri, utakapofika ya tatu utakuwa umesahau sehemu ya sita. Baada ya misumari, andika ndoto yote bila kuisafisha. Na usitafute maana wakati huo! Ukijiuliza "shangazi anawakilisha nini?" umeshaamka kabisa, na ngazi imepotea.

Saa nayo ina nguvu. Usingizi huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90, na kipindi cha ndoto katika kila mzunguko hurefuka kadiri kunavyokaribia kucha. Cha kwanza huwa dakika chache tu. Cha alfajiri chaweza kufika nusu saa au zaidi. Ukilala saa nne usiku, mizunguko yako itaisha karibu na saa tano na nusu, saa saba, saa nane na nusu, saa kumi na saa kumi na moja na nusu. Ndiyo maana wanaoamka kwa adhana ya alfajiri huamka na ndoto mkononi, na wanaoswali kisha wakarudi kulala huota ndoto nzito kuliko za usiku kucha. Mizunguko hutofautiana kati ya mtu na mtu, kwa hiyo jaribu kutega kengele robo saa mapema, siku moja au mbili kwa wiki, kwa mlio laini. Usifanye kila siku, utajinyima usingizi wenyewe. Mtu anayelala kwa muda wa saa tano tu usiku anakata hasa ile sehemu ya mwisho iliyojaa ndoto, na hapo hakuna daftari litakalomsaidia.

Mumeo naye afanye jambo hili kwa wiki mbili. Asubuhi asipokuwa na kitu, aandike tarehe, neno "hakuna", na hali aliyoamka nayo: mzito, mchangamfu, ana wasiwasi. Hali hiyo mara nyingi ndiyo kipande cha kwanza kinachosalimika, na baada ya siku kadhaa huanza kuvuta picha nyuma yake.

Nirekodi ndoto kwa simu au niandike? Nikiandika gizani, asubuhi siusomi mwandiko wangu. Mwanafunzi, Morogoro

Mwandiko usiosomeka una historia yake, ndugu mwanafunzi. Otto Loewi, mwanasayansi wa Graz, Austria, aliota jaribio la kuonyesha kwamba neva hupeleka ujumbe kwa kemikali. Aliamka, akaandika haraka kwenye kikaratasi, akalala tena. Asubuhi hakuweza kukisoma. Usiku uliofuata, karibu saa tisa, ndoto ilirudi, na safari hii hakungoja: alikwenda maabara saa hiyo hiyo akaifanya kwa mioyo miwili ya vyura. Mwaka 1936 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale. Si kila ndoto itarudi kukubembeleza.

Simu inafaa kwa sauti tu. Iweke kwenye hali ya ndegeni tangu usiku, programu ya kurekodi iwe mbele kabisa, mwanga uwe wa chini kabisa. Ukiwasha skrini ukakuta ujumbe umeingia, ndoto imekwisha hapo. Ukirekodi, sikiliza na uandike siku hiyo hiyo. Sauti ya usingizini iliyokaa wiki nzima ni mguno mtupu.

Sisi tunapendelea daftari. Kaunta buku yenye jalada gumu haihitaji meza. Tumia penseli badala ya kalamu ya wino, kwa sababu kalamu hukauka ukiandika umelala chali, penseli haikauki. Vyote viwili viwe *ndani* ya chandarua. Ukilazimika kufundua neti, kutafuta ndala na kuwasha taa, umefanya mwendo wa kutosha kupoteza ndoto mbili. Funga penseli kwa uzi kwenye daftari. Gizani, acha mstari mmoja kati ya kila mistari miwili, na uongoze mkono kwa kidole gumba cha mkono mwingine ukingoni mwa karatasi, maneno hayatapandana.

Ukurasa wa kushoto ni wa ulichoona. Wa kulia uuache wazi, ujaze jioni: mambo ya jana yaliyofanana nacho, watu uliokutana nao. Tarehe iandikwe kwa usiku wote, "kuamkia Jumanne", usije ukachanganya. Kama ndotoni mtu alisema Kisambaa au Kiluguru, andika maneno yale yale. Ukiyatafsiri umeshabadilisha ndoto.

Mama mkwe ananikataza kusimulia ndoto. Rafiki zangu nao wana kundi la WhatsApp la kupeana ndoto kila asubuhi. Nimfuate nani? Msomaji, Mombasa

Mama mkwe wako anasimama juu ya adabu ya zamani na yenye busara, usiidharau. Katika Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, ndoto njema inasimuliwa kwa umpendaye tu. Aliyeota mbaya ajikinge kwa Mwenyezi Mungu, ateme mate makavu kushotoni mara tatu, wala asimwambie mtu. Nabii Yaakub anamwonya Yusuf asiwasimulie ndugu zake ndoto yake (Qur'ani, sura ya 12, aya ya 5), na katika Biblia, Mwanzo 37, Yusufu aliposimulia ndugu zake walizidi kumchukia. Pwani, ukisema "nimeota", mtu mzima hujibu "heri inshallah" kabla hujaendelea. Jibu hilo linafunga mlango wa hofu kwanza.

Hata asiyefuata dini yoyote atapata faida katika adabu hii, kwa sababu ndoto ikishatoka kinywani huwezi kuamua itakavyosikilizwa. Kundi la WhatsApp halina kifuniko. Ulichokiandika saa kumi na mbili asubuhi kinaweza kuwa kwa shemeji yako saa mbili. Mchague mtu mmoja au wawili wanaojua kunyamaza, mkae ana kwa ana.

Namna ya kusimulia nayo ina kanuni. Sema ulichoona kwa mpangilio ulivyokiona, dakika tatu hadi tano. Kiswahili kimetupa neno zuri kwa kazi hii, *mara*: "Niko sokoni, mara sokoni pamekuwa shuleni, mara aliyekuwa mwalimu ni babu." Watu huona aibu kwa miruko hiyo wakaanza kuiunga kwa "kwa hiyo" na "ndipo", na hapo wanatunga. Mruko uache mruko. Kama uso ulikuwa wa mtu mmoja lakini ulijua ni mwingine, sema yote mawili. Kama hukumbuki, sema "hapa pana pengo".

Msikilizaji naye asikimbilie maana. Aulize kwanza: Kulikuwa mchana au usiku? Ulikuwa na umri gani ndotoni? Ulisikia harufu? Maswali kama haya hurudisha vipande ambavyo msimulizi hakujua kama bado anavyo. Akitaka kusema maoni, aanze kwa "ingekuwa ndoto yangu...". Njia hiyo iliwekwa na Montague Ullman, daktari wa magonjwa ya akili wa New York, katika vikundi vyake vya kusimuliana ndoto. Inamwachia mwenye ndoto haki ya kukataa.

Na kuna jambo moja tunalisema kwa uzito. Ndoto si ushahidi. Kumwambia bibi wa jirani "nimekuota unaniroga" kunaweza kumletea mtu huyo madhara makubwa, hata kifo, na vijiji vyetu vimeliona hilo. Ndoto ya namna hiyo ibaki daftarini.

Nikiota nyoka, ina maana gani? Wengine wanasema adui, wengine mimba, wengine pesa. Msomaji, Kisumu

Umeshajijibu: ingekuwa na maana moja, usingepewa tatu. Vitabu vingi vya taabiri, yaani vya kufasiri ndoto, hutembea kwa jina la Ibn Sirin, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki Basra, Iraq, mwaka 110 Hijria, ingawa vilikusanywa na wengine baada yake. Lakini kisa maarufu anachosimuliwa ni hiki: watu wawili walimwendea, kila mmoja ameota anaadhini. Mmoja alimwambia atahiji, wa pili kwamba atakamatwa kwa wizi. Alimtazama mwotaji kabla ya kuitazama ndoto. Wewe tazama ukurasa wako wa kulia: nani jana alitaja nyoka, na ulihisi nini ulipomwona nyoka huyo ndotoni?

Tangu nianzishiwe dawa mpya, ndoto zangu zimekuwa kama sinema, kali mpaka naogopa kulala. Nimerogwa au ni dawa? Msomaji, Mwanza

Kwanza, usiache dawa. Pili, ndiyo, dawa kadhaa zinajulikana kwa jambo hili. Katika dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, inayojulikana zaidi ni efavirenz: ndoto nzito na kizunguzungu, hasa wiki 2 hadi 4 za mwanzo, kisha kwa wengi hupungua. Humezwa usiku tumbo likiwa tupu, kwa kuwa chakula cha mafuta huongeza kiasi kinachoingia kwenye damu na kuzidisha ndoto. Anayeimeza mara baada ya chipsi au nyama ya kukaanga atauona usiku mrefu. Siku hizi Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwanza dawa zenye dolutegravir. Hiyo nayo ikikukosesha usingizi, mweleze mtoa huduma, mara nyingi huhamishiwa asubuhi.

Mefloquine ya kukinga malaria, propranolol ya presha na plasta za nikotini za kuachia sigara zinaweza kufanya hivyo hivyo. Plasta mara nyingi inaruhusiwa kubanduliwa wakati wa kulala. Dawa nyingi za sonona hubana usingizi wa ndoto, na mtu akizikatiza ghafla ndoto hurudi kwa fujo. Pombe ni hivyo hivyo kwa usiku mmoja: inazibana mwanzoni, zinafumuka alfajiri. Peleka kliniki jina la dawa, saa unayomeza, ulichokula na tarehe ndoto zilipoanza. Zikiambatana na huzuni nzito, kusikia sauti au mawazo ya kujidhuru, nenda leo.

Naamka siwezi kujitikisa, kuna kitu kimenikalia kifuani. Ni Popobawa, yule pepo anayesemekana huvamia watu usiku? Msomaji, Pemba

Hilo ni jinamizi, na unachokisikia ni cha kweli: kifua kizito, mwili hausogei, na mara nyingi mtu anaonekana chumbani. Katika usingizi wa ndoto ubongo hulegeza misuli ili usirukeruke unavyoota. Wakati mwingine akili inaamka na macho yanafunguka kabla misuli haijarudishiwa nguvu, na ndoto inaendelea ndani ya chumba chako halisi. Huchukua sekunde chache hadi dakika chache. Misuli mikuu ya kupumua inaendelea kufanya kazi muda wote, hata kama unahisi unakabwa.

Mwaka 1995, hofu ya Popobawa ilipoenea Pemba na kisha Unguja, watu walilala nje kwa makundi au kukesha. Waliochunguza wameona kwamba mengi yaliyosimuliwa yanafanana na jinamizi. Hofu ilinyang'anya usingizi, na kukosa usingizi ni miongoni mwa vichocheo vikubwa vya jinamizi. Ndivyo lilivyojilisha.

Likikushika, usipigane kwa mwili mzima; utaongeza hofu tu. Zungusha macho, kisha jaribu kidole gumba cha mguu, na pumua polepole. Aliye karibu akisikia unagugumia, akuguse bega na kukuita jina. Lala ubavu, kwani kulala chali hulialika, na shika saa moja ya kulala. Kama mchana nao unapitiwa na usingizi usiozuilika, au magoti yanalegea ukicheka, mwone daktari: hiyo ni hali nyingine na ina tiba.

Niligongwa na bodaboda mwaka jana. Ajali ile inarudi ndotoni kila wiki. Nikisimulia ndiyo inazidi. Msomaji, Nakuru

Pole sana, ndugu. Kuirudiarudia kama ilivyo huenda ndiyo kunakokuumiza, badilisha hadithi. Njia hii ilichunguzwa na Barry Krakow na wenzake, na mwaka 2001 walichapisha matokeo mazuri kwa wanawake waliodhulumiwa kingono. Mchana, si kitandani, andika ndoto mbaya kwa ufupi. Ibadilishe popote unapotaka: pikipiki igeuke mashua, barabara iishie kwenu, mtu akuite ukageuka kabla. Haihitaji kuwa na mantiki. Andika ile mpya, kisha fumba macho na uipitie kwa picha, dakika 10 hadi 20 kila siku. Ile ya zamani usiifanyie mazoezi. Wanaokosea huanza na ndoto inayowatisha kuliko zote. Anza na nyepesi, ujifunze mkono, kisha uingie kwenye ajali. Ukiona mazoezi yenyewe yanakutetemesha, simama na utafute mshauri nasaha wa kukushika mkono.

Mzee wangu ana miaka 62. Siku hizi anapiga ngumi na mateke usingizini, anasema anapigana na mbwa. Ni ndoto tu? Mama, Dodoma

Mama, hili usilichukulie kuwa ni kuweweseka tu. Ule ulegevu wa misuli tulioueleza kwenye jinamizi, kwake unaelekea kukosekana, ndiyo maana anatenda anachoota. Hali hiyo ilielezwa Minnesota, Marekani, mwaka 1986 na Carlos Schenck na wenzake, na huwapata zaidi wanaume waliovuka miaka 50. Wakati mwingine huletwa na dawa za sonona. Wakati mwingine hutangulia ugonjwa wa Parkinson kwa miaka mingi. Kwa sasa weka godoro chini, ondoa panga, chupa na meza yenye kona, na wewe lala kitanda kingine mpaka atibiwe. Usimrukie kumzuia, mwite jina kwa mbali. Andika tarehe, saa, alichofanya na alichosimulia alipoamka, ukiweza chukua na video ya simu, mpeleke hospitali ya rufaa kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Atataka kuanza na hayo.